Mzee Aliyemwamkia Binti

Mlango ulijifunga wenyewe nyuma yake, ukatoa mlio mdogo wa "ti," na Msajili wa shule akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuona wageni wengi wakishtuka hapo.

"Usihofu, Bi Mkaguzi. Ni kulinda siri za waombaji."

"Kuingia nimeona. Na kutoka?"

"Kutoka ni mimi." Akaigusa kadi iliyoning'inia kifuani pake kwa utepe wa bluu. "Ukitaka maji, chai, lolote, wewe gonga tu. Nipo meza ya pili kutoka hapa."

Akatoka. Mlango ukalia tena.

Ofisini kwao, huko Baraza la Ithibati, alijulikana kama Bi Kwanini. Wakubwa walimwita hivyo kwa mzaha, wadogo walimwita hivyo akiwa hayupo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikagua shule, na shule zote zilizoanguka mikononi mwake ziliangushwa na swali hilo hilo moja. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani ya kamba na mkoba uliojaa kalamu za risasi, na hakuwa mwepesi wa kucheka.

Chumba kilikuwa na meza moja, viti viwili, makabati manne ya mafaili, saa ya ukutani, na simu ya mezani yenye waya, iliyoruhusiwa kwa kuhakiki waombaji tu. Dirisha halikuwa na kitasa. Lilikuwa ghorofa ya saba, kwa hiyo hata kama lingekuwa na kitasa lisingemsaidia mtu. Simu yake ya mkononi ilikuwa mapokezi, ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo, naye alipewa kibati chenye namba kumi na nne, kama mtu aliyeacha koti lake. Sheria hiyo ya simu hakuijua mpaka alipofika mapokezi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Shule hii ilifundisha kwa mtandao tu. Haikuwa na darasa wala kengele. Ilikuwa na ghorofa hii moja, meza ishirini, na wanafunzi mia nne na kumi na wawili iliowapokea tangu mwaka uanze. Barua isiyo na jina ilifika Barazani ikasema: "Shule ile inamkubali yeyote mwenye kidole cha kubonyeza." Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baraza likamtuma Bi Kwanini asome mafaili, na kabla ya saa kumi jioni aandike neno moja kwenye fomu: udahili wa shule hii unaaminika, au hauaminiki.

Hilo ndilo lililojulikana Barazani. Lisilojulikana alikuwa nalo yeye peke yake, na lilimkaa kooni tangu Jumamosi.

Kaka yake alipofariki aliacha mtoto wa kike wa miaka sita, na Bi Kwanini akamlea kama wa kumzaa. Sasa mtoto huyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliosha vifaa na kubandika majina kwenye chupa za vipimo katika maabara ya hospitali. Jumamosi aliingia jikoni akirukaruka: "Shangazi, nimekubaliwa! Utaalamu wa maabara!" Shule aliyoitaja ilikuwa hii. Masomo ni ya kutwa, kwa hiyo lazima aache kazi. Barua ya kuacha kazi ilikwisha kuandikwa, imo kwenye bahasha, na leo Jumatatu saa kumi, msimamizi wake akiingia zamu, angemkabidhi. Nafasi ile ilikuwa na watu wanaoisubiri kwenye foleni. Akiiachia leo, kesho ina mwenyewe.

Mkaguzi mwenye ndugu ndani ya shule hatakiwi kuikagua. Bi Kwanini alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hakumpigia mkubwa wake, wala hakumwambia mtoto kwamba ndiye aliyepewa kazi hii. Alijiambia: nani atamkagulia mtoto wangu kwa makini kunishinda? Asubuhi, pale mapokezini, fomu ya uamuzi ilipomuuliza "Uhusiano wa mkaguzi na mwombaji yeyote," aliliruka sanduku hilo, akaliacha jeupe. Na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemwambia mtoto, "Nitaiulizia hiyo shule. Nikisikia baya nitakupigia kabla ya saa kumi. Nisipokupigia, jua hakuna tatizo, kabidhi barua yako."

Kimya chake, basi, kilikuwa ndiyo. Na simu yake ilikuwa drooni.

Alipogonga kuiomba, Msajili alisikitika kwelikweli. "Ukitoka tu, Bi Mkaguzi, ukaguzi umekwisha, na huwezi kutoka bila fomu iliyosainiwa. Kanuni ya nne ya Baraza lenu. Mkaguzi haachi chumba cha mafaili mpaka aandike uamuzi."

Kanuni ya nne aliitunga Bi Kwanini mwenyewe, miaka saba iliyopita, baada ya wakaguzi wawili kutolewa nje kwa chakula cha mchana na kurudi wamesahau walichokuwa wanasoma. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akakaa, akachonga kalamu, akafungua kabati la kwanza.

Alianza na mtego wake mwenyewe. Wiki iliyopita alituma ombi la mtu wa kubuni, mwenye alama za aibu na barua iliyoandikwa ovyo. Shule ilimkataa ndani ya siku mbili, kwa adabu, na kwa sababu tatu. Akalikuta ombi hilo kwenye faili, limepigwa mhuri wa KATAA. Hapo aliiandikia shule alama nzuri, na moyo ukamtulia kidogo. Pengine mtoto alikuwa ameangukia pema.

Saa tano alipata kitu kibaya, au alidhani. Picha za waombaji kumi na wanne zilikuwa na pazia lile lile nyuma: la kijani, lenye kiraka pembeni. Watu kumi na wanne, pazia moja? Aligonga. Msajili alizitazama, akacheka mpaka utepe ukatikisika.

"Zigeuze nyuma, Bi Mkaguzi."

Nyuma ya kila picha palikuwa na mhuri wa duka la kupiga picha, mtaa ule ule ambao waombaji wote kumi na wanne walikuwa wameandika kama makazi yao.

"Mpiga picha mmoja, pazia moja," Msajili akasema. "Na kiraka anacho kila mtu."

Alisema kweli. Bi Kwanini akaufuta mstari aliouandika. Saa ya ukutani ikamwonyesha saa tano na dakika ishirini, na chai iliyoletwa ilikuwa imepoa.

Akageukia daftari la udahili. Waliokubaliwa, mia nne na kumi na wawili. Waliokataliwa, tisa. Akapitisha kidole kwenye tarehe za wale tisa, moja baada ya nyingine, kisha akarudia kutoka chini kwenda juu. Wote tisa walikataliwa ndani ya wiki tatu zilizopita. Kabla ya hapo, tangu mwezi wa kwanza, hakukataliwa hata mmoja.

Wiki tatu. Alifungua mkoba akatoa nakala ya barua ya Baraza iliyoiarifu shule kwamba itakaguliwa. Mhuri wa kupokelewa ulikuwa na tarehe. Mtu wa kwanza alikataliwa kesho yake.

Kwa hiyo mtego wake haukumnasa mtu. Mwenye nyumba akijua mgeni yuko njiani, hufagia. Lakini kufagia si kosa. Shule ingeweza kusema imeamua kuwa kali, na nani angebisha? Alihitaji kitu kisichoweza kufagiwa.

Shule ilijivunia jambo moja kuliko yote, na ilikuwa imeliandika kwa herufi kubwa ukutani kule mapokezi: KILA MWANAFUNZI WETU TULIZUNGUMZA NAYE ANA KWA ANA. Maana yake, kila mwombaji alisailiwa kwa video, na mazungumzo yakaandikwa neno kwa neno yakatiwa kwenye faili. Bi Kwanini akaanza kuyasoma. Yalisomeka vizuri. Mmoja alipenda hesabu tangu utoto, mwingine alitaka kumsaidia mama yake, wa tatu alichoka na kazi ya zamu. Majibu hayakufanana. Akasoma thelathini, akasoma hamsini. Mgongo ulimuuma. Saa saba ilipita, na chumba kilikuwa na joto la karatasi.

Faili la sitini na moja lilikuwa la fundi saa, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyeomba ualimu wa hisabati. Mazungumzo yake yalianza hivi:

*Mwombaji: Shikamoo.*
*Msaili: Marahaba, karibu sana. Kwa nini umechagua shule yetu?*

Bi Kwanini akavuka mstari, akafika katikati ya ukurasa, kisha mkono wake ukasimama wenyewe. Akarudi juu. Akaitazama tena ile miaka.

Akagonga mlango. "Naomba kumwona msaili wenu."

Aliyeletwa alikuwa binti mwenye sauti ya upole na kucha fupi, asiyezidi miaka ishirini na sita. Akapiga goti kidogo kwa mazoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usaili wote humu umefanya wewe?"

"Ndiyo, mama. Tangu mwezi wa pili."

"Huyu fundi saa unamkumbuka?"

"Nawakumbuka wengi, mama, ila..."

"Mzee wa miaka sitini na mitatu. Ulianza wewe kumsalimu, au alianza yeye?"

"Nilianza mimi. Yeye ni mzee."

"Humu imeandikwa alianza yeye. Alikupa shikamoo, nawe ukaipokea."

Binti akatazama karatasi, kisha Msajili, kisha karatasi. Msajili akakohoa. "Makosa ya kuandika, Bi Mkaguzi. Mtu alikosea mistari."

"Inawezekana," akasema Bi Kwanini. Akavuta faili jingine. "Bibi wa miaka sabini. Shikamoo. Marahaba." Jingine. "Muuguzi mstaafu. Shikamoo. Marahaba. Mwanangu, wewe unapokea shikamoo ya bibi wa miaka sabini bila hata kushtuka? Mama yako anajua?"

Binti akainamisha kichwa. Hakuna mtu aliyelelewa akifundishwa kuamkia wakubwa ambaye angekosa kuona aibu hapo, na aibu aliyoiona ilikuwa ya kweli, ila kosa halikuwa lake.

"Kanuni ya saba," Bi Kwanini akamwambia Msajili. "Mkaguzi atahakiki waombaji wawili, kwa simu ya shule, mbele ya msajili, kwa namba zilizomo kwenye faili. Naanza na huyu."

Akapiga kwa simu ya mezani, akaiweka sauti ya nje. Iliita mara tano.

"Haloo! Kama ni saa ya kengele bado haijapona, njoo kesho!"

"Shikamoo, mzee. Napiga kuhusu shule ya mtandao uliyoomba. Nataka kukuuliza juu ya usaili wako."

"Usaili upi?"

"Ule wa kuzungumza kwa video na binti wa shule."

"Mama, mimi nilijaza fomu asubuhi. Mchana, hata mikono sijaosha mafuta, barua ya kukubaliwa imefika. Nikasema, loh, hawa wananijua! Hakuna binti niliyezungumza naye."

"Imeandikwa hapa kwamba ulimpa shikamoo."

Mzee akacheka kicheko kikubwa kilichomwishia kwenye kikohozi. "Mimi? Nimwamkie binti? Mama, mtaa huu wote mimi ndiye naamkiwa! Mtu pekee ninayemwamkia mimi ni mama mkwe wangu, na huyo ana miaka tisini na hasikii."

Bi Kwanini akamshukuru, akakata. Msajili alikuwa ameegemea kabati. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Mama," binti akasema taratibu, "salamu hazibadiliki kwenye fomu. Nilipofika nilizikuta. Kabla yangu alikuwepo mama mtu mzima, miaka sitini hivi. Yeye aliwasaili kweli wale kumi wa kwanza. Wa kwanza kabisa alikuwa binti wa miaka kumi na minane, akamwamkia, ndiyo ikaandikwa. Yule mama alipoacha kazi wakayachukua mazungumzo hayo kuwa mfano wa yote. Kompyuta inabadilisha majibu kufuata fomu ya mtu. Salamu, hakuna aliyekumbuka kuibadilisha."

"Nenda mezani kwako," Msajili akamwambia. Akamfungulia kwa kadi, na binti akaondoka bila kuaga.

Saa ilikuwa nane na dakika hamsini. Bi Kwanini akavuta fomu ya uamuzi. Kilichobaki ni neno moja, saini, kisha mlango, droo, simu. Angewahi.

"Kabla hujaandika," Msajili akasema.

Hakufungua kabati. Faili alikuwa nalo kwapani, na pengine alikuwa nalo tangu asubuhi. Akaliweka mezani, akaligeuza limtazame mgeni. Picha ya mtoto wa Bi Kwanini ilikuwa juu, amevaa koti jeupe la maabara, anajizuia kucheka.

"Jina lako kama mkaguzi lilitufikia Jumatano," akasema. "Huyu tumemkubali Alhamisi. Ombi lake lilikuwa hapa miezi miwili, limekwama kwa sababu ya ada ya fomu. Mahali pa mlezi ameandika: shangazi, mkaguzi, Baraza la Ithibati. Nikasema, jamani, kumbe ni mtoto wa nyumbani."

Bi Kwanini akaweka kalamu chini.

"Na fomu yako nimeiona. Sanduku la uhusiano liko tupu." Msajili akaketi kwenye kiti cha pili, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi si mtu mbaya. Andika 'unaaminika.' Makosa ya salamu tutayarekebisha, mtoto atasoma, na sanduku lako hakuna atakayelikumbuka. Ukiandika lile jingine, faili hili litakuwa juu ya meza ya mkubwa wako kabla hujashuka ngazi. Watasema ulificha uhusiano wako, au uliiangusha shule kwa sababu zako. Vyovyote vile, ripoti yako haitasomwa. Unaona?"

Aliona. Aliona vizuri kuliko Msajili alivyofikiri. Akiandika ukweli bila kulijaza sanduku, ripoti inakufa. Akiandika uongo, anatoka sasa hivi, lakini lazima amdanganye na mtoto, naye anaacha kazi kwa ajili ya shule isiyomwuliza hata salamu. Akikaa bila kuandika, saa kumi inafika, na kimya chake kinakabidhi bahasha. Milango yote mitatu ilikuwa ndani ya chumba kimoja, na miwili kati yake aliifunga yeye mwenyewe.

Saa tisa na dakika tano.

"Kanuni ya saba," akasema. "Waombaji wawili. Nimehakiki mmoja."

"Na wa pili?"

"Huyu hapa."

Msajili akafikiri. Kisha tabasamu likarudi; mkaguzi kumpigia mtoto wake mwenyewe kwa simu ya shule, mbele ya shahidi, hakukuwa na uthibitisho wa uhusiano mkubwa kuliko huo. "Karibu," akasema.

Bi Kwanini akafungua faili, akabonyeza namba iliyoandikwa kwenye *simu ya mwombaji* kwa haraka, bila kuifikiria, akasubiri. Ikaanza kuita. Na kutoka mapokezi, kupitia ukuta, ndani ya droo, jogoo akawika.

Ulikuwa mlio wa simu yake. Mtoto ndiye aliyemwekea, kwa utani, mwaka jana. Naye alipojaza fomu miezi miwili nyuma simu yake ilikuwa imevunjika kioo, kwa hiyo aliandika namba ya shangazi. Laini mpya aliyonunua baadaye Bi Kwanini hakuijua kwa kichwa. Ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa ikiwika drooni.

Msajili alicheka mpaka akafuta macho. "Umempata, Bi Mkaguzi! Umempata!"

Jogoo akanyamaza. Bi Kwanini aliiweka simu chini polepole. Alitamani kulia, lakini alikuwa mtu wa mafaili, na akili yake ikaendelea kupekua kurasa hata macho yalipokuwa na ukungu. Ukurasa wa tatu: matokeo. Wa nne: cheti cha kuzaliwa. Wa tano: barua ya mwajiri, ya maabara, yenye mhuri wa hospitali, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, namba ya simu ya mezani.

"Namba zilizomo kwenye faili," akasema. "Kanuni haikusema ni ya nani."

Msajili akaacha kucheka. Lakini alikuwa ameketi, na Bi Kwanini alikuwa amekwisha kupiga.

"Maabara," ikajibu sauti ya mwanamume.

Akamtaja mtoto. "Niitie, tafadhali."

"Ametoka sasa hivi. Msimamizi amewahi leo, naye amemfuata ofisini. Alishika bahasha."

"Baba, kimbia. Mwambie shangazi yake yuko kwenye simu, asimpe mtu chochote."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Hatua zikaenda mbali. Kwa muda mrefu palisikika mashine ikizunguka na maji ya bomba. Msajili alitazama saa, na Bi Kwanini aliitazama ile picha ya koti jeupe. Hatua zikarudi, nyepesi, za haraka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Bahasha iko wapi?"

"Ninayo. Nilikuwa mlangoni kwake, nimeshabisha hodi. Kuna nini?"

"Nijibu kwanza. Shule ilikusaili? Kuna mtu alizungumza nawe kwa video, kwa simu, kwa vyovyote?"

"Hapana. Barua ilikuja tu. Hata salamu sikuulizwa."

"Ichane hiyo bahasha. Rudi kazini."

Bi Kwanini alimfahamu mtoto wake. Alijua hapo analia bila sauti, kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka sita. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine, ya mtu mzima.

"Shangazi, namba hii si yako. Uko wapi? Uko huko huko shuleni, siyo? Wewe ndiye unayewakagua."

"Ndiyo."

"Nimefurahi siku mbili nzima. Nimewaaga wenzangu. Ulikuwa unajua unakuja huko, ukaniangalia tu. Kwa nini hukuniambia?"

Miaka kumi na tisa alikuwa amewauliza watu swali hilo, akawatazama wakihangaika kutafuta pa kulijibia. Sasa lilikuwa limemgeukia.

"Nikirudi nyumbani tutazungumza," akasema.

"Sawa, shangazi." Simu ikakatwa upande wa pili.

Bi Kwanini akavuta fomu. Penye uamuzi akaandika *hauaminiki*, kwa herufi zake kubwa za siku zote. Kisha akarudi juu, kwenye sanduku aliloliacha jeupe asubuhi, akaandika jina la mtoto na namba ya faili, na mbele yake, *shangazi yake. Nilijua tangu Jumamosi, nikanyamaza.* Akalipitia kwa macho neno kwa neno kama alivyofanya kwa kazi za wengine, akaona halina kosa, akasaini.

"Unajua umejifukuza kazi?" Msajili akauliza, kwa sauti ndogo.

"Najua. Nifungulie."

Msajili hakuinuka. Alikuwa amekaa mkono juu ya kadi yake, akiitazama ile fomu, na mlango ulibaki umefungwa. Bi Kwanini akavuta kiti, akachonga kalamu, akafungua faili la sitini na mbili. Saa kumi ilikuwa bado, na mafaili yaliyobaki yalikuwa mia tatu na hamsini na moja.